Siku Daktari Aliponiomba Nitoke Nje

Jumapili, alasiri. Mvua ya Kitale imeanza kabla hatujaosha vyombo vya mchana, na baridi yake ni ile ya kukufanya utafute soksi ukiwa ndani ya nyumba. Mabati yanapiga kelele mpaka redio haisikiki. Moyo wangu umetulia. Nimeandika sentensi hiyo, nikaisoma tena, nikaona ni kweli, nikaiacha ilivyo.

Sijaandika hapa kwa wiki kadhaa. Mlioniuliza kama niko salama, asanteni. Niko. Tuko.

Nataka kuandika yaliyotokea kabla hayajaanza kujigeuza kichwani mwangu. Tayari nimejisikia nikimsimulia dada yangu kwa simu na kuruka zile sehemu ambazo mimi sikung'aa.

Kwa wageni wa ukurasa huu: Naliaka ni binti yangu. Ana miaka kumi na mitatu, na ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao huku kwetu wengi tunauita sikoseli. Tuliujua tukiwa bado tunaishi Bungoma, kabla hajaanza kutembea, vidole vyake vilipovimba kama ndizi za kuiva na mimi nikadhani ni mdudu amemuuma. Tangu siku hiyo mimi ndiye mdomo wake. Amelazwa wapi, lini, aliongezwa damu au hakuongezwa, dawa gani ilimtapisha, yote ninayo kichwani. Ukiniamsha usingizini nitakusomea kama Baba Yetu.

Fomu za hospitali sizihofii. Nazijaza haraka kuliko wanaozichapisha.

Mwaka huu tulihamia Kitale. Duka la dawa za mifugo ninalofanyia kazi lilifungua tawi hapa, wakaniomba nilisimamie. Baba Naliaka alibaki Matulo anakofundisha, na huja kwetu Ijumaa jioni akiwa na mfuko wa viazi vitamu na madaftari ya kusahihisha. Kitu cha kwanza nilichotafuta katika mji huu, kabla ya nyumba, kabla ya shule, kilikuwa daktari wa watoto.

Nikampata Daktari Kaur. Ni mama mfupi mwenye miwani, na sauti yake ni ya chini sana, lazima unyamaze ndipo umsikie. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa Bungoma na yeye alikulia humo humo, akicheza na watoto wa wateja. Siku ya kwanza alisikia jina la Naliaka akasema "Mulembe", salamu yetu Wabukusu, kama mtu wa Sirisia kabisa. Nilimpenda papo hapo.

Masharti ya kliniki yake sikuyapenda.

Nilipoandikisha mtoto, Sista Chemutai wa mapokezi alinipa rundo la karatasi. Fomu ya historia ya mtoto. Fomu ya anayeruhusiwa kumleta mtoto ikiwa mzazi hayupo. Fomu ya ridhaa ya matibabu. Halafu karatasi ya masharti yenyewe, mbele na nyuma: ukichelewa utaona wenzako wakiingia kwanza, mtoto mwenye upele asubiri verandani, usimpe mtoto wako dawa ya mtoto mwingine, kliniki haipokei zawadi za aina yoyote. Nilisoma kama nusu. Kila palipokuwa na mstari nikatia sahihi. Ni masharti tu, nikasema. Kliniki zote zina masharti.

Sharti la mwisho nililisoma baadaye sana, nikiwa nimekaa nje kwenye benchi, nimekasirika.

Ilikuwa Jumanne. Tulienda kwa uchunguzi wa kawaida tu, ule wa kila baada ya muda. Naliaka alikuwa na kikohozi kidogo. Nilikipa jina la baridi ya Kitale, maana na mimi nilikuwa nacho. Jambo kubwa nyumbani wakati huo halikuwa kikohozi. Ilikuwa kwaya. Shule yao ilikuwa inajiandaa kwenda Bungoma kwenye mashindano ya muziki, na mwalimu alikuwa amemchagua Naliaka aimbe ubeti wa peke yake. Nyumba nzima ilikuwa ubeti ule. Akipiga deki, ubeti. Akimenya viazi, ubeti.

Sasa nikikumbuka, ile wikendi hakuimba. Nilidhani anaitunza sauti.

Kufika kliniki, Sista Chemutai akampima joto na uzito, kisha akanipa ubao wenye fomu ya marejeo. Akatoa ubao wa pili, akampa Naliaka na kalamu yake. Nikanyoosha mkono niuchukue.

"Huo ni wake, Mama," Sista akasema.

"Najua. Nataka nimsaidie."

"Anajua kuandika."

Nilicheka, nikidhani tunataniana. Kisha nikachungulia. Binti yangu akaweka mkono kuzunguka karatasi, vile wanafunzi hufanya kwenye mtihani wasiibiwe majibu. Nilihisi kitu fulani kifuani, kidogo tu, kama mwiba wa samaki.

Tukaingia. Daktari Kaur akauliza, mimi nikajibu. Anakunywa maji? Anakunywa, daktari. Dawa ya kila siku? Hajaruka hata moja, mimi ndiye nampa. Shule? Anaenda vizuri. Maumivu?

"Hakuna tangu mwezi wa nne," nikasema. Nilisema kwa fahari. Nilikuwa nimeihesabu ile miezi kama mtu anavyohesabu mabao ya timu yake.

Daktari alikuwa ananisikiliza mimi, lakini macho yake yalikuwa kwa Naliaka. Akasoma ule ukurasa wake. Akaugeuza, akaulaza kifudifudi mezani.

"Mama Naliaka," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "sasa nitakuomba utupatie nafasi kidogo. Nizungumze na Naliaka peke yake."

Nikamwangalia. "Kuzungumza nini?"

"Mambo yake. Ni utaratibu wetu kwa kila mtoto aliyefika umri huu. Ulitia sahihi."

"Daktari, huyu mtoto hana mambo ambayo mimi sijui."

Hakubishana. Alingoja tu, na kule kungoja kwake ndiko kulikonitoa kwenye kiti. Nikamtazama Naliaka nikitarajia aseme, mama abaki. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikatoka.

Niseme ukweli, maana hapa ndipo pa kuusemea. Nilipofika nje nilimvaa Sista Chemutai. Nilimwambia nimemlea mtoto huyu drip mkononi, yeye mgongoni. Nilimwambia kule Bungoma hakuna daktari aliyewahi kunifukuza. Nilisema maneno mengine ambayo mama yangu asingeyapenda. Sista alisubiri nimalize, akachukua ile karatasi ya masharti, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, akanipa.

"Keti usome, Mama. Si wewe tu. Hata mimi wangu akiletwa hapa, natolewa."

Nikasoma. Mtoto wa miaka kumi na miwili kwenda juu atajaza ukurasa wake mwenyewe na kuonana na daktari bila mzazi kwa muda mfupi. Atakayoyasema ni siri yake, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini. Na hapo, mtoto ndiye atakayeambiwa kwanza kwamba mzazi ataelezwa.

Karibu nami alikaa mama mmoja wa kutoka Endebess, amebeba mtoto mnene aliyekuwa anamvuta hereni. Alikuwa amesikia kelele zangu zote.

"Mimi nikipewa hizo dakika bila huyu, wallahi nalala hapa hapa kwa benchi," akasema.

Nilitaka kucheka nikashindwa. Kichwa changu kilikuwa kimeshafika mbali. Labda kuna mvulana. Labda kuna mtu amemfanyia kitu kibaya. Labda anamwambia daktari kwamba mimi ni mama mbaya, kwamba nampigia kelele za maji, kunywa maji, umekunywa maji, leta hiyo chupa nione. Mawazo hayo yalinipita moja baada ya jingine. Na chini yake kulikuwa na lingine ambalo naona aibu kuliandika.

Niliona wivu. Mtoto wangu alikuwa na neno, na neno hilo alikuwa anampa mtu mwingine.

Mlango ulipofunguliwa, Daktari Kaur alitoka mwenyewe. Hakuwa anatabasamu. Alikuja mpaka kwenye benchi, akainama karibu nami ili wengine wasisikie.

"Naliaka ana jambo la kukuambia. Nimemweleza kwamba hili huwezi kukosa kulijua. Nikamuuliza nikwambie mimi au atasema mwenyewe. Amesema atasema mwenyewe. Nakuomba umsikilize mpaka mwisho."

Nikaingia.

Naliaka alikuwa juu ya kitanda cha kupimia, na kidoleni amebanwa na kale kamashine ka kupima hewa ya damu. Midomo yake haikuwa na rangi. Nilikuwa nimekaa naye asubuhi nzima, nimempaka mafuta hiyo midomo, na sikuiona.

"Mama," akasema, "kifua kinaniuma."

"Tangu lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

Ndiyo, niliuliza hivyo. Jumamosi gani, kana kwamba zilikuwa nyingi za kuchagua.

"Hii imepita tu."

Alikuwa ametembea na maumivu hayo siku zote hizo. Usiku alilala ameegemea ukuta na kitabu mapajani nidhani anasoma, kwa sababu akilala chali pumzi ilimkata. Alikuwa anachukua dawa ya maumivu kwenye kabati na kuimeza kabla sijaamka. Ndiyo maana joto lake halikupanda sana kwa Sista. Alikuwa amejifundisha kupumua kidogo kidogo, kwa juu juu, ili kifua kisimchome.

"Mbona hukuniambia?" Sauti yangu ilitoka kali. Sikukusudia.

Akamwangalia daktari. Daktari akamwitikia kwa kichwa polepole, endelea.

"Ungenitoa kwaya," Naliaka akasema. "Halafu ungeenda kulia bafuni."

"Mimi silii bafuni."

"Mama. Huwa unafungulia maji. Lakini unalia kushinda maji."

Miaka yote nimefikiri nimemkinga na machozi yangu, kumbe alikuwa upande wa pili wa mlango, ananihurumia, anapanga jinsi ya kunipunguzia.

Daktari hakutuachia muda wa kulia. Alituambia kwamba kwa mtoto wa sikoseli, maumivu ya kifua si kitu cha kusubiri kesho. Hewa kwenye damu yake ilikuwa chini. Alikuwa ameshapiga simu hospitalini wamtayarishie kitanda na oksijeni, na gari lilikuwa njiani. Nilimuuliza, maana nilihitaji kujua, kama angeliona jambo hilo hata Naliaka asingesema.

"Labda," akasema. "Nilikuwa bado sijampima kifua. Labda ningesikia kitu. Lakini alikuwa amejiandaa nisisikie. Ni mtoto mwerevu sana. Ungemrudisha nyumbani na dawa ya kikohozi, sijui kesho mngekuwa wapi."

Sijui kesho mngekuwa wapi. Neno hilo nimekaa nalo sana.

Hospitalini walimpiga picha ya kifua. Upande wa chini wa pafu moja ulikuwa mweupe kama ukungu. Wakamwekea oksijeni, drip, sindano za dawa. Baba Naliaka alifika kutoka Matulo na chaki bado kwenye mkono wa koti. Hakuniuliza maswali. Alivua koti, akaketi upande wa pili wa kitanda, akashika mguu wa mtoto juu ya blanketi na kukaa hivyo.

Mama yangu alipiga simu kutoka Sirisia. Nilimweleza tangu mwanzo, nikafika pale nilipotolewa nje, akanikatiza.

"Atii nini? Daktali alikutoa nje? Na wewe ukakubali? Mtoto si ni wako!"

"Mama, ngoja kwanza."

"Nimengoja. Kalatasi gani hiyo inaweza kumtoa mzazi?"

Nikamalizia hadithi. Nikamwambia mjukuu wake alisema nini mlango ulipofungwa.

"Basi," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Basi huyo daktali Mungu amuweke."

Jumatano ilikuwa mbaya. Naliaka alizidiwa baada ya chakula cha mchana. Alipumua kama mtu anayepanda mlima, na madaktari wa wodi wakaanza kuzungumza kando kuhusu kumpeleka Eldoret. Wakaamua kumwongezea damu kwanza. Daktari Kaur alikuja mwenyewe alipofunga kliniki. Alivuta kiti akamweleza Naliaka, si mimi, damu itaingiaje na kwa nini, na akamuuliza kama ana swali. Kupitia ile barakoa ya oksijeni mtoto akauliza, "Ni ya nani?" Daktari akamwambia ni ya mtu ambaye hatamjua, aliyetoa tu bila kuombwa na mtu. Naliaka akafikiri. Akasema, "Mwambieni asante."

Nimemshukuru Mungu kwa vitu vingi maishani. Kwa mtu yule sijui hata nianzie wapi. Labda uko huko Turbo au Webuye unakunywa chai. Labda unasoma hapa. Asante. Ilikuwa yako, na sasa inazunguka ndani ya mtoto wangu.

Alhamisi aliamka akaomba mandazi.

Mandazi! Nilitembea ule ukumbi wa hospitali kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, nikiuliza kila mtu wapi kuna mandazi.

Siku hiyo hiyo kwaya ilienda Bungoma bila yeye. Ubeti wake uliimbwa na msichana mwingine. Tulipata habari jioni kwamba hawakupita. Naliaka akageukia ukuta na kulia, na mimi niliyekuwa na maneno yote ya mama mdomoni, kwamba uhai ni bora, kwamba kuna mwaka ujao, niliyameza. Nikasema pole. Akasema, "Ningekuwepo tungepita." Nikasema ni kweli. Na si kwamba nilikuwa nambembeleza. Mimi nimeusikia ule ubeti.

Alinikasirikia siku mbili. Alimkasirikia daktari pia. Aliniambia wazi kwamba anajuta kusema. Nilikubali kukaa na hasira yake, nikaona ni nzito kidogo lakini inabebeka, na nikagundua kwamba hilo ndilo nilikuwa nimemkataza kila wakati. Kwetu hapakuwa na nafasi ya kuumwa na kukasirika kwa pamoja. Palikuwa na nafasi ya woga wangu tu.

Kabla ya kutoka hospitali, Daktari Kaur alitukalisha sote watatu. Alizungumza nasi kama watu watatu. Naliaka atarudi kwaya. Atavaa vizuri, atakunywa maji, atapumzika akichoka, na akiumwa atasema, mapema, kabla halijawa kubwa. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe Mama, akisema anaumwa, usimnyang'anye kitu hapo hapo. Muulize kwanza. Ukimnyang'anya kila akisema, atajifunza kunyamaza. Ameshaanza kujifunza."

Baba Naliaka aliniangalia, nikadhani atacheka. Hakucheka. Alisema, "Hata mimi, daktari. Mimi ndiye nilisema mambo ya kwaya yangoje." Sikujua kwamba alikuwa amemwambia hivyo. Nilikuwa nimejibebesha lawama yote peke yangu, kama ilivyo desturi yangu.

Juzi tulirudi kliniki kwa marejeo. Na hapa lazima niandike habari ya kuku.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Sirisia kumwona mjukuu, na alikataa kabisa kuachwa nyumbani. Alivaa gauni lake la kanisani. Kapuni alikuwa na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, kichwa nje, anaangalia mji. Kwetu mtu aliyekutendea mema hapewi maneno matupu. Anapewa kuku, na kuku mwenyewe awe wa kuonekana.

Tulipofika mapokezi, Sista Chemutai akamwona jogoo kabla hajatuona sisi.

"Kukhu," akasema kwa heshima, maana amezoea kuwasikia wagonjwa wakiita nyanya hivyo, "shikamoo. Lakini huyo hawezi kuingia. Kliniki haipokei zawadi. Imeandikwa."

"Hii si zawadi," mama akasema. "Zawadi ni kitu cha duka. Hii ni kuku."

"Kuku pia, Kukhu."

"Imeandikwa kuku?"

Sista akaiangalia karatasi yake. Haikuwa imeandikwa kuku. Watu waliokuwa wanangoja walianza kucheka, na jogoo naye akaona amepata wasikilizaji, akawika mle ndani mpaka mtoto mmoja akaanza kulia na mwingine akanyamaza. Daktari Kaur akatoka kuona kuna nini. Mama akampa mikono yote miwili, akamsalimia kwa Lubukusu, akajibiwa kwa Lubukusu, wakaendelea hivyo kwa muda, maneno mazuri ya shukrani ambayo siwezi kuyatafsiri bila kuyaharibu. Halafu daktari akamweleza kwa upole kwamba masharti hayo aliyaandika yeye mwenyewe, kwa hiyo hawezi kuwa wa kwanza kuyavunja. Akiwapokea wenye kuku, wasio na kuku wataona haya kuja.

Mama alilifikiria hilo. Nilimwona akilifikiria.

"Na tena," daktari akaongeza, "mimi sili nyama."

Hapo ndipo mama yangu aliposhtuka kweli. Masharti aliyaelewa. Lakini mtu aliyekulia Bungoma na hali kuku! Alimshika daktari mkono na kumtazama usoni kwa huruma, kama yeye ndiye mgonjwa. Akamwambia atamwombea.

Jogoo tulirudi naye. Sasa yuko uani, amemfukuza paka wa jirani, na Naliaka amempa jina la mwalimu wao wa hisabati.

Nilimwomba Sista Chemutai msamaha kwa maneno ya ile Jumanne. Alisema hakumbuki. Anakumbuka sana. Lakini alisema hivyo, na nikaelewa wema wake. Anasimama pale kila siku akiwaambia watu wazima mambo wasiyotaka kusikia, keti, ngoja, toka nje, huyu hawezi kuingia, na wengi wetu tunamwona kama ukuta. Bila ukuta huo mimi ningebaki ndani siku ile. Ningejibu maswali yote. Ningejibu vizuri sana, na kila jibu lingekuwa si kweli.

Daktari alipomaliza na sisi, alimwomba Naliaka abaki naye kidogo. Nilishaanza kuinuka kabla hajamaliza sentensi. Sikusikia furaha, nisidanganye. Nilikaa kwenye benchi. Walikuwa wanacheka mle ndani. Naliaka alipotoka sikumuuliza walicheka nini. Ilinichukua nguvu zangu zote, mpaka tukafika sokoni.

Leo.

Leo tulikula, mama yangu akalala kidogo, mvua ikaanza. Nilikuwa nakusanya sahani. Naliaka alikuwa kwenye kochi na blanketi, na bila kuulizwa, bila kuniangalia, akasema:

"Mama, mguu unauma. Si sana."

Nilisimama na sahani mkononi. Mwili wangu wote ulishajua la kufanya: simu, dawa, gari, begi la hospitali, kughairi shule ya kesho. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Nikaushusha.

"Unataka nifanye nini?"

Ni swali dogo. Katika miaka kumi na mitatu sidhani nimewahi kumuuliza.

Akafikiri. "Maji ya moto kwa ile chupa. Na dawa ya maumivu. Halafu usinikalie hapo, Mama. Enda jikoni. Nitakuita."

Nikampa chupa ya moto, nikampa dawa, nikamwambia kifua je, akasema kifua kiko sawa, akavuta pumzi ndefu nisikie. Nikaja jikoni. Nimefunga mlango. Nimeketi kwenye stuli na simu hii na naandika haya ili mikono iwe na kazi. Sijafungulia maji. Machozi mawili matatu yamenitoka, nimeyaacha yatoke bila kelele za kuyafunika, na akiingia ataniona hivi hivi.

Sijui kama nitaweza hili kesho. Sijui kama nitaliweza akiwa na miaka kumi na sita, ishirini, akiwa mbali na mimi, mahali ambapo sina jikoni ya kusubiria. Najua tu kwamba leo mtoto wangu aliumwa na akaniambia. Aliniambia mimi.

Mvua inapungua. Sasa naweza kusikia sebuleni.

Anaita.

"Mama! Imepungua kidogo. Unaweza kukuja sasa."

Wacha niende.